Kisa cha Mbuzi

Mama mkwe alimpeleka Mwanakheri hospitali kwa kuwa alichoka kumkuta kila mchana amelalia cherehani.

"Daktari, huyu mke wa mwanangu mvivu," alisema. "Tena anaringa. Nyumba nzima tukicheka, yeye kanuna."

Daktari alimgeukia Mwanakheri. "Ukicheka sana, magoti yanakulegea?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Yanalegea kabisa," alijibu polepole. "Naanguka, ila nasikia kila kitu. Ndiyo maana najizuia."

"Basi huu ni ugonjwa, mama," daktari alisema. "Inaelekea ubongo wake haumudu usingizi: unamvamia mchana, na akicheka unamlegeza mwili. Tutampima. Ugonjwa huu hauponi, ila dawa za kuupunguza zipo."

Walirudi nyumbani. Jioni majirani walikuja barazani, wakamwomba mama mkwe awasimulie tena kisa cha mbuzi aliyeingia harusini. Alifungua kinywa, akasita. Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni, uso ameukaza kama kawaida yake.

Mama mkwe aliinuka, akatandika mkeka miguuni pa Mwanakheri, akapanga mito pande zote.

"Kaa hapa kwanza, mwanangu," alisema. "Kisa chenyewe kinachekesha."