Aliyebaki Hewani

Siku hizi Tukuyu mtu hahesabiwi kuwa amekufa mpaka redio ya mji itangaze. Ambakisye ndiye aliyesoma vifo tangu redio hiyo ilipoanza, katika chumba kimoja nyuma ya posta. Mwaka jana alizikwa kimyakimya, na mitambo ikaendelea kusoma kwa sauti yake. Kwa hiyo mkewe, Tusekile, hajapewa pole na mtu.

"Mama Lugano, mzee hajambo?" watu humuuliza sokoni. "Asubuhi tumemsikia."

"Hajambo," hujibu, maana sheria ni sheria.

Jumatatu alipeleka tangazo la kifo cha mumewe redioni. Karani alilisoma, akamrudishia kwa heshima.

"Mama, aliye hewani hatangazwi kuwa marehemu."

Jioni, akimenya ndizi jikoni, alimsikia mumewe akisoma vifo vinne na kuomba habari ziwafikie ndugu wa Kyela na Mbozi. Kisha sauti ikatua, ikashuka kidogo, kama ya mtu anayeongea mezani.

"Mama Lugano, leo ulikuja redioni kutafuta nini?"

Tusekile aliitazama redio.

"Nilipita tu, baba Lugano," alijibu, akaongeza sufuriani ndizi za mtu wa pili.