Kunywesha Maziwa

Kichupa kilibaki na tone moja tu la kingamwili, na Mbwilo, mtafiti aliyezitengeneza, alizikwa Ijumaa. Tunu alilidondosha juu ya kipande chembamba cha mzizi wa kunde kilicholazwa kwenye kioo. Rangi ya kijani ya kingamwili hizo, inayowaka chini ya hadubini, ilipaswa kunata mahali pamoja kwenye ukuta wa seli, pale ambapo mzizi huwafungulia bakteria mlango. Mbwilo alishikilia kwamba mlango huo upo. Wakubwa wake walisema anaota.

"Dada Tunu," Shemdoe, msaidizi wa maabara, aliuliza akiwa anaosha vioo, "hicho kipande umekinywesha maziwa?"

Tunu alikitazama kichupa kitupu. Kipande kisipofunikwa kwanza kwa maziwa ya unga, kingamwili hunata kila mahali, na picha nzima huwa kijani tupu.

"Sikumbuki."

"Hukumbuki? Marehemu angekucheka mpaka Idi!"

"Shemdoe, nyamaza."

"Basi, nisamehe dada yangu."

Walisubiri saa nzima. Kisha Tunu akakiosha kipande, akazima taa, akainamia hadubini. Aliona giza. Alizungusha skrubu taratibu, na pembeni pakatokea mstari mwembamba wa kijani, palepale Mbwilo alipokuwa akipachora ubaoni.

"Vipi?" Shemdoe alinong'ona. "Mlango upo?"

Ilibaki kusogeza kioo, aone kama sehemu nyingine ya mzizi ina giza au nayo inawaka yote kwa kukosa maziwa.

"Ngoja kidogo," Tunu alisema. Kidole chake kiligusa ukingo wa kioo, kikatulia hapo.