Maziwa ya Kuingilia Nyumba

"Kwa mipango hakuna anishindaye," Alamelu alijisifu, akawasha feni katika nyumba yao mpya ya kupanga, pale Madurai, kusini mwa India. Umeme ulikuwepo. Ndipo akakumbuka kwamba mtungi wa gesi aliuagiza jana tu, na ungeletwa Ijumaa.

Na leo ndiyo siku ya kuchemsha maziwa. Yasipofurika jikoni kabla ya saa tatu asubuhi, nyumba ina nuksi, na mama mkwe alishasema, "Ikiwa na nuksi, wewe na mwanangu mnarudi kwangu." Alamelu alikuwa amekaa kwake miaka saba. Ilimtosha.

Basi akayachemsha kwa jirani wa chini, akapanda ngazi mbio, sari ameikunja magotini, akayamwaga kidogo juu ya jiko lake jipya. Hapo hapo mlango ukagongwa.

Mama mkwe akaingia, akayatazama maziwa yanavyotiririka.

"Yamefurikia mashariki. Baraka tupu, mwanangu."

"Tushukuru, mama."

Bi mkubwa akashika kitambaa ili apanguse. Kiganja chake kikatua pale panapowaka moto, kikatulia kama paka aliyepata kivuli.

"Mbona pa baridi?"

"Ndiyo majiko ya siku hizi, mama. Yanapoa upesi."

"Ala. Kweli dunia imeendelea."

Akainama taratibu, mkono kiunoni, akafungua kabati la chini, mahali pa mtungi. Ndani mlikuwa na kapu la vitunguu.

"Na hii," akauliza, "ndiyo gesi ya siku hizi?"