Laia

Karani wa uraia alimrudishia Siwema fomu zake mara ya nne. "Umesema 'laia', mama. Mtu wa hapa husema 'raia'. Kalete barua ya mbunge, la sivyo wewe ni mgeni."

Mgeni! Naye kazaliwa mtaa wa pili.

Siku tatu alishinda kwenye benchi la ofisi ya mbunge. Hatimaye mheshimiwa akatokea, akamsikiliza, akacheka.

"Nani anakusumbua, mama? Wewe ni laia halali kabisa! Katibu, andika kama ninavyosema."

Katibu, mtu mtiifu, akaandika herufi kwa herufi. Mhuri ukagongwa.

Sasa Siwema yuko tena dirishani. Karani amenyoosha mkono. Siwema hajaiachia barua. Kidole gumba kimelifunika lile neno.