Mkwe Hatazamwi

Afande Kasiani alipokiona kitenge cha bluu kikija kwenye njia ya mpakani, aligeuka upesi akatazama ukuta wa ghala bovu, akatulia hapo kama mtoto aliyepewa adhabu. Konstebo Sadoki, aliyekuwa naye zamu, alikohoa kuficha kicheko.

"Na wewe geuka," alisema Kasiani. "Yule ni mama mkwe wangu."

Hatua zilipita nyuma yao taratibu, zikaelekea upande wa Zambia. Kasiani hakugeuka mpaka zilipoacha kusikika. Alilelewa na bibi yake huko Mbozi, na bibi alimfunza kwamba mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye, mpaka siku ukweni watakapompikia chakula cha kumtoa aibu. Ndoa yake ilikuwa na mwaka mmoja na zaidi, na chakula hicho kilikuwa bado. Hata siku ya harusi yule mama alikaa kajifunika gubigubi, mkwe asimwone.

Kituo kilikuwa kipya, na Kasiani ndiye mkuu wa kwanza wa polisi katika mji ule mdogo jirani na Tunduma. Watu hawakumtaka, na hawakuona haya kumwonyesha. Akiingia sokoni, mazungumzo yanakatika. Ferista, muuza chapati, alimwambia zimekwisha huku zimepangwa mbele yake, bado za moto. Bodaboda walipigiana miluzi kila alipotoka kituoni. Kabla yake, dhahabu ya machimbo ya Mbangala ilivuka mpaka mchana kweupe, na nusu ya mji ilikula humo. Sasa amekuja mtu wa kuwatia mchanga kwenye kitumbua, wamchekee kwa lipi?

Wiki ya kwanza tu alimkamata Osward, kaka wa mkewe, na dhahabu ndani ya soksi. Irene, mkewe, alipiga magoti kumwombea kaka yake. Kasiani alimjibu kwamba sheria ni msumeno, akampeleka shemeji yake mahakamani, na Osward akapata miaka mitatu.

Tangu siku hiyo Irene alimwekea chakula mezani akaondoka bila neno. Walilala wamepeana migongo. Ukweni nako kukawa kimya, hakuna salamu wala simu. Ilimuuma Kasiani, tena sana, ila hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Kisha asubuhi moja Irene alilainika. Alimpelekea maji ya kuoga, akasimama mlangoni.

"Mama amehamia huku, yuko kwa mama mdogo," alisema. "Atakuwa anakwenda Nakonde, ng'ambo, kuuza maharage. Ukiona kitenge cha bluu na kapu, mpishe. Usinitie aibu kwa watu wetu."

Kasiani alimshukuru Mungu. Aliona kwamba mama mwenye kinyongo asingekubali kuja kuishi mji mmoja na mtu aliyemfungia mwanawe. Alianza hata kuimba bafuni.

Lakini dhahabu iliendelea kuvuka. Alipekua malori, akafungua matairi, akachoma vyuma kwenye magunia ya mahindi, akaambulia patupu. Jumatatu alipigiwa simu kutoka mkoani.

"Una hadi Ijumaa," mkubwa wake alimwambia. "Ukishindwa, vua hizo nyota uje nazo mkononi."

Leo ilikuwa Alhamisi. Njia zote za vichochoro zilikuwa zimezibwa, ikabaki hii moja, ambayo alikuwa akiilinda mwenyewe.

"Afande," Sadoki alisema, "kapu la yule mama leo naona zito. Akirudi kupita nimtue, nichungulie kidogo?"

"Ukimgusa mama mkwe wangu nakuweka ndani."

"Nauliza tu, afande."

Kasiani alikasirika, ila alijua kijana ana haki ya kucheka. Kila siku mama alipita asubuhi, akarudi kwa barabara kuu ya forodha, akapita tena jioni, na kila alipopita mkuu wa kituo aliupa mpaka kisogo. Mwizi akiamua kupita dakika hiyohiyo, nani atamwona? Akaona dawa ni moja, chakula kile kipikwe, aibu iishe, yeye apate kufanya kazi akiwa ameinua uso.

Jioni kitenge cha bluu kilitokea tena, kapu kichwani. Kasiani aligeukia ukuta wake, na hapohapo akatoa simu akampigia Mzee Mbonile, baba mkwe wake, huko Kamsamba. Baba mkwe unaweza kusema naye, mradi ushike adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe namba yangu bado unayo."

"Nisamehe, baba. Jambo hili lilitaka mshenga, ila muda umenibana. Naomba mama anipikie kile chakula cha kunitoa aibu. Tunapishana njiani kila siku, mimi nageukia ukuta, na askari wangu wananicheka."

Nyuma yake hatua zilipita, zikakaza mwendo.



"Unapishana na mama yupi?" mzee aliuliza. "Mama yako yuko hapa mkekani, anachambua mchele. Siku ulipomfunga mwanawe alianguka akavunjika nyonga, na mpaka leo hajavuka kizingiti. Irene anajua. Kila jioni wanaongea kwa simu."