Magamba Kwenye Kioo

"Kwenye chumba cha majaribio watu kumi na wawili wamekibonyeza hicho kitufe cha kufungua oda bila shida," bosi alisema. "Sokoni tukafuate nini?"

Nilimpeleka sokoni hadi kwenye meza ya samaki ya mama yangu, nikampa mama simu yenye programu yetu ya kupokea oda.

Mama akaweka kisu chini. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, vimejaa magamba ya samaki. Alibonyeza mara tatu, kioo hakikushtuka. Akainama, akakigusa kwa ncha ya pua. Oda ikafunguka.

Wateja wakaangua kicheko. Bosi hakucheka, alikuwa ameshatoa daftari.

"Shikamoo, mama. Hebu rudia, taratibu."

Mama akanyoosha mgongo.

"Mwanangu," akaniambia, "mletee mwanafunzi wangu kiti."