Mama wa Ukutani

Katika studio za Hollywood siku hizi, katuni haiingii kwenye filamu mpaka ikae mwaka mzima nyumbani kwa mchoraji wake, ijifunze utu. Ndiyo maana Januari ile Haroub, mchoraji wa studio moja, alirudi kutoka kazini na Bi Tufaha, mama wa kuchorwa, akamweka kwenye ukuta wa jikoni.

"Mgeni wetu huyo, mama Ilham," alimwambia mkewe, Zuena. "Kaeni vizuri."

Zuena alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akasonya. Bi Tufaha naye akasonya vilevile. Hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza.

Kufikia Aprili alikuwa anakanda maandazi, na Haroub haishi kumsifu. "Hebu tazama anavyokunja kiganja!"

"Kiganja changu hicho," Zuena alisema kwa wivu. "Miaka minane nakikunja mbele ya macho yako, hujakiona."

Julai Bi Tufaha akawa anamwimbia binti yao Ilham kwa sauti ileile ya Zuena, ila yeye hachoki wala hagombi. Septemba mtoto akitoka shule anakimbilia ukutani kwanza. "Shikamoo mama!" Na ukuta unawahi: "Marahaba mwanangu."

Desemba watu wa studio wakaja kumchukua. Siku hiyo Zuena alijifunga kanga mpya, akakanda maandazi huku akiimba kwa raha zake. Ilham aliingia, akautazama ukuta mtupu, kisha akamtazama yeye.

"Baba," aliita, machozi yakimlengalenga, "mwambie huyu aache kumuigiza mama."